Nakshi za epoksi zinabanduka kwenye jambia la maigizo, nifanyeje?

Swali: Assalamu alaykum fundi. Mimi ni mwalimu wa skuli huku Wete, Pemba, watoto wangu wa darasa la sita wanaigiza harusi ya kizamani na bwana harusi lazima avae joho, kilemba na jambia kiunoni. Jambia na ala yake nimetengeneza mwenyewe kwa sponji za ndara, nimebandika tabaka tabaka na umbo limekaa vizuri tu. Nikataka nitie nakshi kama zile za fedha za majambia ya kweli, nikanunua epoksi ya fundi bomba dukani, nikafinyanga maua na kamba. Ikaniganda mkononi kabla sijamaliza ua la pili. Yale niliyowahi kubandika, kesho yake mtoto kaikunja ala kidogo tu yakaruka kama magamba ya samaki. Na sehemu nyengine mpaka leo ukibonyeza kidole kinazama. Nimekosea wapi? Nimebakiwa na wiki tatu.

Jibu:

Wa alaykum salaam mwalimu. Kwanza hongera kwa kuamua kulifanya jambia lenyewe, maana skuli nyingi huishia kumpa mtoto kipande cha boksi kilichozungushiwa foili na basi, na mtoto anajua, ukimpa kitu kilichotengenezwa kwa moyo hata anavyosimama jukwaani anasimama vyengine. Maleba mimi nafanya miaka mingi huku Ng'ambo, mjini Unguja, ya michezo ya kuigiza, ya ngoma, na mabwana harusi wa kweli pia huja kukodi, na hayo yote matatu uliyoyaeleza yameshanikuta. Hayana sababu moja, kila moja lina lake, kwahiyo ntakwenda nalo moja moja ila ntakaa zaidi kwenye la kubanduka kwa sababu ndo mzizi.

Epoksi watu wanaichukulia kama gundi au kama udongo, na si hichi wala si kile. Udongo unakauka kwa kutoa maji, ndo maana unasinyaa na kupasuka. Epoksi haitoi kitu, ina pande mbili, upande mmoja resini na mwengine hadina, yani kigandishi chake, ukizikanda pamoja zinashikana zenyewe kwa zenyewe mpaka linakuwa jiwe. Ndo uzuri wake huo, haisinyai, ukichonga mshipa mwembamba kama unywele leo kesho utaukuta pale pale. Lakini sasa jiwe ni jiwe, halikunjiki. Na wewe umelibandika jiwe juu ya ndara. Ndara kazi yake ni kukunjika, mtoto akiishika tu ile ala sponji inabonyea, epoksi juu yake haibonyei, basi pale katikati lazima kimoja kimuachie mwenzake, na siku zote inayoachia ni nakshi. Hata ungepaka gundi ya aina gani chini yake ingebanduka tu, labda ingechukua siku tatu badala ya moja.

Kwahiyo usitafute gundi kali zaidi, tafuta pa kuiweka. Nakshi ya epoksi inakaa pale ambapo kitu hakikunjiki. Sasa liangalie jambia lako, wapi panahitaji kukunjika na wapi hapahitaji? Ubavu wa jambia, ule upanga wenyewe, uwache sponji na usitie epoksi hata tone, kwa sababu hao ni watoto, watachomoa, watachezeana nyuma ya jukwaa, ukimgusa mwenziwe jicho uwe ni kitu laini. Lakini ala na kipini havina haja ya kukunjika kabisa, na bahati nzuri hata kwenye jambia la kweli fedha zote ziko huko huko, kwenye ala na kipini.

Ala usiitupe, kazi yako isipotee. Tafuta plaiwudi nyembamba ya mm 3, kwa seremala yeyote hapo Wete vipande vimetupwa chini ya meza, laza ala juu yake uchore umbo lake na ule mpindo, kata kwa msumeno mwembamba, kisha ubandike huo ubao juu ya USO wa mbele wa ala kwa gundi ya kontakti, ile ya mafundi viatu, paka pande zote mbili, subiri isishike kidole ndo ugandishe. Nasema juu ya uso, usije ukaupasua mgongo ukautia ndani, maana ukiwa ndani ala haitokunjika ni kweli lakini ngozi ya sponji kwa juu itaendelea kubonyea kila ikishikwa na nakshi zitalegea vile vile. Ukingo wa ubao uzibe kwa utepe wa kitambaa au karatasi na gundi nyeupe ya mbao, ukishapaka rangi hakuna atakayejua ndani kuna ndara. Kipini ndo rahisi zaidi, mwambie huyo huyo seremala akutolee kipande cha mbao laini ukichonge kiuno katikati kipanuke juu na chini, halafu ubavu wa sponji uutie na gundi kwenye mfuo uliouchimba chini ya kipini.

(Mwakani ukifanya mengine, ala nzima ifanye kwa paipu ya maji ya plastiki ngumu. Unaitumbukiza kwenye maji yanayokaribia kuchemka, ikilainika unaibana kati ya mbao mbili ikalala bapa, unaipinda unavyotaka, unamwagia maji baridi. Ichukue ile ngumu nyeupe au ya kijivu, ile nyeusi inayozungushwa roli usiiguse maana epoksi haishiki juu yake hata uisugue vipi, kama isivyoshika kwenye ndoo na vifuniko vya plastiki laini.)

Ubao ukishakaa, usiweke nakshi juu ya ubao mtupu unaoteleza. Usugue na msasa mkali mpaka uone mikwaruzo, futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, halafu pale utakapoweka ua au mkanda toboa vitundu vidogo viwili vitatu kwa msumari mwembamba. Epoksi ukiibonyeza inaingia mle, ikiganda inakuwa imejipigia misumari yenyewe. Kazi ya dakika kumi tu hiyo, na mimi jambia ambalo lina vitundu hivyo nimeshaliona linaanguka kutoka jukwaani hadi chini likapata ufa wa rangi na ua halijatoka.

Sasa la kuganda mkononi. Ile uliyonunua ni epoksi ya kuzibia bomba linalovuja, na fundi bomba hataki kusubiri, kwahiyo imetengenezwa iwahi. Nyingi zinakupa dakika tano tu, na hizo tano wameziandika kwa joto la huko zinakotengenezwa, si la chumbani kwako saa nane mchana na umeme umekatika. Kanuni ya jumla ni kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10 hivi, kasi ya kuganda inakaribia mara mbili. Tena epoksi ikiwa inaganda inatoa joto lake yenyewe, ukikanda donge kubwa linajipasha moto ndani na kuwahi zaidi. Ndo maana lilikuwia vuguvugu mkononi halafu ghafla likagoma, sivyo?

Epoksi ya kuchongea ni nyengine. Zipo kama Apoxie Sculpt ya Marekani na Milliput ya kule Wales, hizi zinakuja vipande viwili mbali mbali, unachukua sawa kwa sawa, na unapata saa moja mpaka mbili au zaidi ya kuchezea, kuganda kabisa ni baada ya saa 24. Kama una mtu anakuja kutoka nje agizia, pakiti moja ndogo utafanya majambia kadhaa. Lakini wiki tatu na bahari katikati sikushauri uzitegemee. Angalia kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ziko epoksi za kukanda zinazouzwa vipande viwili au vikopo viwili, hizo mara nyingi huganda polepole kuliko ile ya msokoto mmoja, soma nyuma ya pakiti wameandika muda wa kufanyia kazi, ukiona nusu saa kwenda juu hiyo inakufaa kwa kuchonga kwa mkono.

Na hiyo ya dakika tano usiitupe, ina kazi yake na ntakuonesha.

Zile sehemu zilizobaki laini sasa. Hapo kuna mambo mawili na nadhani kwako yote yapo. Msokoto wa fundi bomba una rangi moja nje na nyengine ndani, kama kashata ya rangi mbili, na lazima uukate kwa upana, kipande kama kidonge, ili nje na ndani viwe kwa kipimo chao. Ukiuchuna pembeni au kuukata kwa urefu unapata zaidi ya upande mmoja. Watu wengi wanafikiri hadina ikizidi ndo itaganda haraka, wanachanganya na bodi fila ya magari, kule hadina ni kidogo tu ya kuamsha na ukizidisha kweli inawahi. Epoksi siyo hivyo, kila chembe ya resini inataka mwenzake wa hadina, wakizidi upande mmoja hao waliozidi hawana wa kushikana nao, wanabaki laini mpaka siku ya kiama. Kwahiyo hizo sehemu laini zikwangue uzitoe, usisubiri, hazitoganda, na usifunike juu yake.

La pili ni kukanda. Kanda kama unavyokanda unga wa chapati, kunja, bonyeza, geuza, kunja tena, mpaka rangi iwe moja kabisa bila mstari hata mmoja. Ule mstari mwembamba unaouona ndani unaona kama marumaru na unasema basi inatosha, pale ndo patakuwa laini. Kwa ile ya polepole mimi nakanda dakika tatu nzima, kwa ile ya haraka dakika moja lakini kipande kidogo kama kunde mbili ndo kinawahi kuchanganyika.

Kabla sijaenda kwenye nakshi, mikono. Naomba hapa usipapite haraka mwalimu. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nakanda kwa mikono mitupu, kila siku, nanawa na thina nikimaliza, sikuona tabu yoyote miaka mingi. Siku moja vidole vikaanza kuwasha, nikasema ni joto. Baada ya wiki ngozi ikawa inapasuka katikati ya vidole na kope za macho zimevimba, nikaenda kwa daktari wa ngozi akaniambia mwili umeshaikataa epoksi na hautoisahau tena. Na kweli haujasahau. Mpaka leo nikigusa mbichi kidogo tu, siku ya pili naamka na vipele mpaka kwenye kiwiko, kwahiyo sehemu ya kukanda anafanya kijana wangu na mimi nachonga kwa vijiti na glavu mbili. Epoksi haikuchomi leo, inakuhesabia. Vaa glavu, zile za nitraili za buluu ndo nzuri, za mpira wa maziwa (lateksi) hazizuii vizuri, zipo kwenye maduka ya dawa. Ikikugusa futa kwa karatasi, paka mafuta ya nazi kidogo, kisha sabuni na maji, thina usiipake mwilini maana inaifungulia njia iingie. Na watoto wasiiguse ikiwa mbichi, hata kama wanaomba kusaidia, wape kupaka rangi. Ikishaganda kabisa haina tabu kushikwa. Ila ukiisugua na msasa isugue ikiwa imelowa, na barakoa puani, vumbi lile si la kuvuta.

Haya sasa nakshi zenyewe, hapa ndo raha ilipo.

Jambia la watu wenyewe ukiliangalia karibu, fedha yake ina vitu vichache tu vinavyorudiwa: nyuzi zilizosokotwa, vishanga vidogo vidogo vilivyopangwa safu, maua, na pete zinazoshika mshipi, majambia mengi ya Oman yana pete nne au saba. Ukiweza kufanya hivyo vinne, umemaliza. Huna haja ya kunakili ua kwa ua.

Uzi wa kusokota. Kanda epoksi ya polepole, iwache itulie kama dakika 20 mpaka 30, isiwe inanata tena lakini inakubali, yani ile hali ya halua ambayo imeshapoa sahanini lakini bado kisu kinapita bila kukwama, nyinyi watu wa Wete halua hamfundishwi. Lowanisha kioo cha fremu ya picha kwa maji kidogo, weka kipande cha epoksi, juu yake kisukume kwa kioo chengine kidogo badala ya vidole, kwa sababu vidole vina mabonde na uzi utatoka mnene hapa mwembamba pale. Utapata uzi sawa kama wa spageti. Fanya viwili, vilaze pamoja, shika ncha moja na usokote nyengine taratibu, unapata kamba ambayo ukiipaka fedha mtu atakuuliza umepata wapi sonara. Ilaze kwenye ukingo wa ala huku ukiibonyeza kila baada ya sentimita kwa kijiti cha meno kilicholowa, usibonyeze kwa kidole utaifuta misokoto.

Vishanga vinataka vilingane, na siri ya kulingana si jicho. Sukuma uzi kama ule ule, uuweke pembeni ya rula, ukate kwa wembe kila mm 3, halafu kila kipande ukizungushe kiganjani (na glavu yako) kiwe duara. Vipande vikiwa sawa urefu, duara zitakuwa sawa ukubwa, basi. Chora mstari kwa penseli juu ya ubao, chomeka kishimo kidogo kwa sindano ya kushonea magunia pale kinapokaa kila kishanga, weka, gonga kidogo kwa ncha ya kijiti. Safu ya vishanga arubaini inachukua kama nusu saa na ndo inayolifanya jambia liwe jambia.

Maua na pete ndo kazi ya ile epoksi yako ya fundi bomba. Chonga ua MOJA zuri kwa utulivu, hata kwa udongo wa mfinyanzi au sabuni ya mche. Lipake vaselini. Sasa chukua silikoni ya madirisha, ile yenye harufu ya siki, iminye kwenye konifulawa, kiasi karibu sawa kwa sawa, kanda kwa glavu mpaka iwe kama donge la mandazi, ibonyeze juu ya ua lako na uwache nusu saa mpaka saa moja. Fanya dirishani au uani, ule moshi wa siki unawasha macho. Ukiibandua una kalibu laini, na epoksi haishiki kwenye silikoni. Hapo sasa dakika tano zinatosha kabisa: kata kidonge, kanda, bonyeza kwenye kalibu, kwangua ziada kwa kadi ya simu ya zamani, subiri igome, ikunje kalibu ua linatoka. Kwa jioni moja unatoa maua mengi yanayofanana. Siku ya pili unayabandika kwa bonge dogo la epoksi mbichi chini yake, nyuma umeyakwaruza. Kwa muda wako wa wiki tatu hii ndo njia, wala usihangaike kuchonga ua baada ya ua.

Nna ombi kwenye hilo la kalibu. Kuna watu wamenijia na wazo la kwenda kubonyeza silikoni au udongo wa kuchezea kwenye milango ya Mji Mkongwe ili wapate nakshi tayari. Tafadhali usifanye na usimuache mtu afanye. Ule mti umekauka miaka mingi, mafuta ya silikoni yanaingia ndani yanawacha doa lisilotoka, na kwenye nakshi zilizochoka kipande kinatoka na kalibu. Nenda na karatasi na penseli uchore, au upige picha ya pembeni jua likiwa chini, vivuli vitakuonesha kina. Kwa majambia wewe huna haja hata ya kuvuka bahari, ile ngome ya Chake Chake ina makumbusho, anzia hapo uone vitu vya zamani vilivyokaa.

Na ukiichora milango utajifunza jambo ambalo mimi nililipata kwa mzee mmoja mchongaji, Mungu amrehemu. Nilimuonesha kilemba cha chuma cha mchezo fulani nilichokijaza nakshi ndogo ndogo kama za lesi, nilikaa nacho siku nne. Akakiweka kwenye kibaraza, akavuka njia, akaniita nije nisimame pale alipo. Sikuona kitu. Kilikuwa kama kimekwaruzwa tu. Akaniambia angalia ule mlango, kutoka hapa unauona mnyororo kwenye fremu, unaliona waridi, kwa sababu kilicho chini kimechimbwa kweli kweli na kilicho juu kimeachwa juu. Anayetazama jukwaani haoni mistari, anaona vivuli. Kwahiyo watoto wako wakiigiza ukumbini na wazee wamekaa mita kumi nyuma, ua la mm 2 halipo, linyanyue liwe mm 5, na pembeni yake chimba. Maua matano yenye kina yanashinda ishirini bapa. Kila siku mbili tatu, lisimamishe jambia ukutani, toka mpaka mlangoni, geuka, ndo utajua kama kazi inaendelea au unajichosha.

Kuchonga kwenyewe usiwe na haraka ya zana. Kijiti cha meno, sindano, kifuniko cha kalamu ya biki kwa kupigia viduara, ncha ya kijiti cha mshikaki uliyoisugua ikawa bapa, kijiko cha chai kwa kulainishia. Maji ni kidogo sana, lowesha ncha ya zana tu, ukizidisha juu inakuwa ute na ikiganda ute ule unatoka kama unga. Ukitaka nakshi nene usiweke donge zito, weka boksi au foili iliyofinywa ndani kama mfupa, epoksi juu mm 2 mpaka 3 inatosha, maana ni nzito na mtoto atabeba hiyo kiunoni mchezo mzima. Na fanya kwa zamu, leo kamba, igande, kesho maua, ukitaka vyote siku moja utakuwa unabonyeza hichi huku unafuta kile kwa kiwiko.

Igande kivulini. Jua la uani linavutia lakini linailainisha kabla halijaigandisha na maua yanateleza chini, tena sponji nyuma inafura. Sisi watu wa visiwani tuna jambo jengine, unyevu. Hasa kukiwa na mvua, epoksi ikishaganda juu yake hubaki kama utando wa mafuta, unateleza kidogo ukipapasa. Ukipaka rangi juu ya huo utando rangi itabanduka na utasema epoksi mbaya. Uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, usugue kwa mswaki wa zamani uingie kwenye mitaro, kausha, pitisha msasa laini. Halafu ndo rangi.

Rangi ya fedha usiianze na fedha. Paka nyeusi kwanza kote, iingie kila kitundu, ikauke. Kisha brashi ya nywele fupi, chovya fedha, ifute kwenye gazeti mpaka uone haina kitu, halafu pitisha juu juu tu. Inashika vilivyonyanyuka na chini panabaki peusi, vile vivuli alivyokuwa anavisema mzee. Kwenye kipini mimi napenda zaidi unga wa penseli, ile nyeusi laini ya 6B, unausaga kwenye msasa unausugua kwa kidole juu ya rangi nyeusi mpaka inang'aa kama chuma kilichoshikwa miaka. Mwisho vanishi ya maji tabaka mbili, maana mikono ya watoto ina jasho. Rangi ya kupuliza angalia isije ikaigusa sponji sana, na kama kuna sehemu umetumia lile povu jeupe la maboksi ya tivii usilipulize kabisa, linayeyuka.

Kwa hesabu yangu, wiki ya kwanza malizia ubao, kipini na kalibu, ya pili nakshi, ya tatu rangi na kushona mshipi, na zibaki siku mbili tatu mtoto afanye nalo mazoezi, kwa sababu akilizoea ndo utaona pete gani inalegea. Kabla ya kupaka rangi, gonga kila ua kwa ukucha. Likilia kama kigae limeganda na limeshika. Likilia bubu, kuna upepo chini yake, libandue sasa hivi kwa ncha ya kisu, toboa vitundu vyengine, ulirudishe na epoksi mpya.